Kabla Hujanyoosha Mkono Kuhusu Ulanzi

Uyole, Mbeya

Kaka yangu Diwani,

"Ulanzi ndio uliomuua baba, na mimi nitakuwa wa kwanza kuupiga marufuku." Ndivyo ulivyowaambia wajumbe wa kata, na maneno hayo yamenifikia huku kabla ya salamu zako. Kwa hiyo kamwene kwanza. Wifi na watoto hawajambo? Mama goti linamruhusu kulala? Mimi mzima, ila mvua hazina huruma. Bati la duka limevuja, rafu nzima ya vitabu imelowa, na wiki hii nimeanika kurasa kama watu wanavyoanika mboga.

Lakini sikuandika kulalamikia bati. Nimeandika kukupinga, na unisamehe mdomo wangu, unaujua.

Baba hakuuawa na ulanzi wa mianzi yetu. Siku tuliyomtoa hospitali ya Tosamaganga akiwa marehemu, mimi ndiye niliyekunja koti lake. Mifuko ilijaa viroba vitupu, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, kila kimoja na chapa yake na kodi yake imelipwa. Vilikuwa halali, kaka. Vilipopigwa marufuku, sisi tulikuwa tumeshazika. Na miaka yote hiyo viroba vikining'inia madukani, mgambo walikuwa wanamwaga ndoo za akina mama.

Ndiyo historia ya sheria zetu za pombe. Mkoloni alimkataza Mwafrika pombe kali ya chupa, na ile ya kienyeji akamtaka aiombee kibali. Tukapata uhuru, kibali kikabaki. Juzi hapa mvinyo wa zabibu za Dodoma ukapunguziwa ushuru ili mkulima ainuke, nami nikapiga makofi. Je, mkulima wa mianzi si mkulima?

Hukuwepo Januari nilipompeleka mama kuomba kibali, acha nikusimulie. Bwana wa ofisini alikuwa na adabu, simsemi vibaya.

"Mama, unapika siku gani?"

"Sipiki, mwanangu."

"Pombe isiyopikwa?"

"Mwanzi mchanga naukata ncha, unadondosha wenyewe. Asubuhi nakata, jioni nakata."

"Sasa hapa kwenye siku ya kupika niandike nini?"

"Andika Mungu anapika."

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. "Fomu haina nafasi ya Mungu, mama."

Tukarudi mikono mitupu. Wiki ya pili mgambo wakamwaga ndoo zake mbili, kwa kosa la kutokuwa na kibali na kwa kosa la kuuza asubuhi. Hilo la asubuhi ndilo linaloniunguza. Wewe umekulia chini ya mianzi ile. Unajua ulanzi wa alfajiri ni mtamu, hata bibi alikuwa akitupa tukienda shule. Jua likipanda unachacha wenyewe, na jioni ni mkali wa kumwangusha mtu. Sheria inasema pombe isiuzwe mpaka alasiri. Inamsubirisha mama hadi kinywaji kiwe kileo, halafu inamlaumu kwa ulevi! Aliyeiandika alifikiria pombe ya mtama iliyopikwa na kuiva. Kuhusu mwanzi hakuuliza.

Sikatai kwamba wapo walevi. Wapo pia wanaotia uchafu kwenye ndoo ili iwe kali. Hao wakamateni, nitawashangilia.

Juzi nilimpigia mama. Akaniambia ameacha kukata. Unajua maana yake: siku chache tu kidonda kinakauka, na chipukizi hilo halitoi tena. Nikamuuliza kwa nini, msimu ungalipo. Akajibu, "Nisije nikamwaibisha diwani." Hakusema mwanangu, kaka. Alisema diwani. Na mkipitisha sheria yenu ya marufuku Alhamisi, jirani ameshakubaliwa na mama aing'oe mianzi yote apande nyanya. Mama ataamka asubuhi asiwe na pa kwenda.

Msalimie wifi, mwalimu wetu mvumilivu. Msalimie shangazi wa kwaya, na baba mdogo fundi baiskeli. Jirani wa nyanya mwambie aweke jembe chini kwanza.

Nawe usinyooshe huo mkono. Simama, udai ulanzi uandikiwe fomu yake na saa zake, uuzwe asubuhi ungali mtamu. Barua hii isomee kikao, neno kwa neno. Nanyi wajumbe mnaoisikiliza: Alhamisi, kabla ya kupiga kura, nendeni wote nyumbani kwa mama yangu, mkiongozwa na mwanawe, mkamwambie usoni kosa lake ni lipi.

Mdogo wako asiyenyamaza,
Felista