Gobori la Mashoto na Sharti la Arvil Deel

Mpendwa Bi Ottie, naomba msaada ila usinicheke, kucheka mke wangu Icie ameshacheka kwa niaba ya wote. Mimi ni Hobert Stiltner wa huku Laurel Lick, kila gobori linalopiga sawasawa bonde hili nimelitengeneza mimi, anayebisha mwongo, na kila Oktoba tukishindania ng'ombe kwa shabaha mguu wa nyuma, fungu la mshindi, naubeba mimi, wengine wanagombea ngozi na mafuta, sasa mwaka huu jicho la kulia limeingia ukungu, daktari anasema ni mtoto wa jicho na atalitengeneza baada ya Krismasi, mimi nasema ni moshi wa baruti tu, basi nikaamua nilenge kwa bega la kushoto, nikajaribu na gobori langu la zamani lenye mtambo wa nyundo upande wa kulia, fataki ya kuwashia baruti ikalipuka mbele ya pua ikaniunguza nyusi, Icie akasema, "Mzee, sasa umekuwa kama yai," ndipo nikajua lazima nijenge jipya, mtambo ukae kushoto.

Mtutu ninao, mbao ya mjozi ninayo, mtambo wa kushoto ndio sina, nikachukua wa kulia nikaupachika kushoto, nyundo ikageuka inanitazama mimi, na mimi fundi mkubwa mkono ukachonga wenyewe kwa mazoea, kuja kushtuka kiegemeo cha shavu kiko upande wa watu wa kulia na shavu langu liko upande wa pili.

Mtambo wa kushoto bondeni uko mmoja, kwa Arvil Deel, ndani ya kopo la kahawa. Arvil ni mashoto, na tangu ujana namwambia kulenga kwa kushoto ni kama kukamua ng'ombe kwa miguu. Nikamtuma Icie, akarudi na jibu: "Mwambie huyo mzee wako mtambo nampa bure, ila Jumamosi aje dukani kwa Burl aseme mbele ya watu kwamba mashoto anaweza kulenga." Bure! Bora angedai ng'ombe wangu. Bi Ottie, neno hilo halitoki kinywani mwangu, niambie pa kupata mtambo bila kupita kwa mtu huyo.

Hobert Stiltner, bingwa

JIBU LA BI OTTIE

Mzee Hobert, pole kwa jicho, pole kwa nyusi. Pole zimeishia hapo.

Mtutu haujui kulia wala kushoto, uache ulivyo. Kifyatulio na mdeki wa kushindilia baruti vivyo hivyo. Hicho kiegemeo kikwangue chote kitako kibaki bapa, shavu halitakufa. Mtambo uliougeuza ung'oe leo hii, maana nyundo inayopiga kuelekea usoni kwa mwenye bunduki itakumalizia na jicho lililobaki. Shimo lake lizibe kwa kipande cha mjozi na gundi, uchonge upya. Kazi hiyo unaiweza, umetuambia mwenyewe mara mbili.

Mafundi wa mtambo wa kushoto wapo, lakini ukiagiza leo utaupata ng'ombe ameshaliwa. Wa karibu umo ndani ya kopo, na mwenyewe hakudai hata shukrani. Umemtania mtu maisha mazima, yeye anakudai sentensi moja, nawe unalia! Hebu nijibu: kama mashoto hawezi kulenga, Oktoba unakwenda pale kufanya nini, kuwabebea wenzako nyama?

Jumamosi vaa shati safi uende kwa Burl duka likiwa limejaa. Sema kwa sauti, si kwa kunung'unikia ndevu. Icie asimame karibu, neno likikukwama akusukume. Kisha mwombe Arvil akuonyeshe anavyosimama, kwa sababu huko kushoto wewe ni mwanafunzi.

Ukishinda, mguu wa nyuma upitie kwanza jikoni kwa Arvil. Ukikosa shabaha, usitafute kisingizio kwenye mkono wa kushoto: dukani kwa Burl watakuwa wameshakusikia.