Kizibo Bado Kipo Mahali Pake

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaniita mjinga, maana mke wangu ameshaniita hivyo tangu siku niliyoileta boti nyumbani, na yeye hajui hata nusu ya haya ninayokuandikia. Mimi ni fundi friji, kazi yangu ni kompresa na gesi na mabomba membamba ya shaba, mambo ya majini sikuyajua, ila nina ugonjwa mmoja ambao mama yangu aliugundua nikiwa mdogo: nikiona kitu kimeharibika situlii mpaka nijue kimeharibikaje, kukitengeneza ni baadaye, kwanza nijue.

Sasa miezi mitano iliyopita nilinunua kwa bei ya kutupa boti ya jeti iliyowahi kuzama, zile zisizo na pangaboi nje, zinafyonza maji chini ya tumbo na kuyatema nyuma kwa nguvu mpaka zinaruka, na hii ilikuwa imekaa miaka sita kando ya ziwa, nyuma ya gati, kitako kimezama kwenye tope lililokauka likawa kama saruji, majani yameota kwenye viti. Siyo boti ya mtu baki. Ndiyo aliyokuwa akiiendesha baba mkwe wangu, ambaye pale gatini wote walimwita Nahodha, akiwazungusha wageni ziwani kwa miaka kumi na moja, mpaka asubuhi moja ya Jumapili ilipokutwa imezama palepale ilipofungwa, bahati nzuri bila mtu ndani. Siku mbili kabla yake Nahodha alikuwa ameipandisha nchi kavu kuiosha, na ikipandishwa hufunguliwa kizibo, kile cha tundu la chini kabisa nyuma, ili maji ya ndani yatoke, basi kabla hata boti haijavutwa nje ikaguliwe, mwenye boti akasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba mzee amesahau kukirudisha. Baba mkwe hakubisha. Alisema, "Samahani, bosi. Sikumbuki kukifunga." Akaachishwa kazi siku hiyohiyo.

Mshauri, mtu yule hajawa sawa tangu siku ile. Akitoka kwake hurudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango, akitoka kwangu hurudi kuuliza kama ameacha bomba wazi, kitambaa chake cha mfukoni kina mafundo kila pembe na kila fundo ni jambo la kukumbuka, halafu anakaa analitazama fundo na kujiuliza lilikuwa la nini. Tulikuwa tukimtania, sasa hatumtanii tena. Mwanangu ana miaka miwili na babu yake hajawahi kukubali kubaki naye peke yake hata dakika tano, mke wangu alipombembeleza akamwambia, "Mwanangu, mimi mtu wa kusahau. Usiniachie mtoto." Na sasa mashemeji zangu wawili wamekata shauri kwamba baba hawezi tena kuishi peke yake, Jumamosi ijayo tunakutana ili anyang'anywe funguo, nyumba ipangishwe, naye ahamie chumba cha nyuma kwa shemeji mkubwa, na kila wakihesabu sababu, ya kwanza ni boti.

Nirudi kwenye boti, maana huko ndiko kuliko na shida yangu. Siku ya kuichukua nilikuta maji ya mvua yamejaa nyuma mpaka kifundo cha mguu, na viluwiluwi vya mbu vinaogelea kwa raha zao, nikajiuliza boti isiyo na kizibo inatunzaje maji, nikamuuliza mwenye boti, akasema tope limeziba tundu, nikaridhika. Basi nikaanza kuifumua. Mshauri, hujui raha yake. Chini ya sakafu kuna lile povu gumu la kuisaidia boti ielee, nalo lilikuwa limenywa maji miaka yote hiyo, nilikata kipande cha ukubwa wa mto nikashindwa kukiinua kwa mkono mmoja. Oili ya injini ilitoka nyeupe kama maziwa. Nyaya zilikuwa na kutu ya kijani ndani ya ngozi yake, ukiuvuta waya unabaki na unga. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli na oili kwenye silinda nikaacha zilowe, kila siku najaribu kuizungusha kwa mkono inagoma, siku ya tisa ikasogea kidogo tu, upana wa kucha, nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Mke wangu anasema alidhani ameolewa na fundi friji kumbe ameolewa na boti, maana meza ya chakula ina vipande vya pampu na sisi tunakula tumepakata sahani.

Siku nilipofika kwenye tope la nyuma nilikuwa nalichimbua kwa kijiko kikuukuu, taratibu, nikaona kitu cha njano. Kilikuwa shaba. Kilikuwa kizibo, Mshauri. Kimefungwa, kimekaza, na pembeni inachungulia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ambayo mke wangu aliwahi kuniambia kuwa baba yake hakufunga kizibo bila kuizungushia, tena akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na nusu, mpaka watoto wake walikuwa wakimwigiza. Sikukigusa. Nilikaa chini na kijiko changu mkononi nikahisi machozi.

Ningekuwa na akili ningekimbia kwa mzee saa ileile. Lakini ugonjwa wangu nimeshakwambia, nikawaza, kama siyo kizibo, ni nini basi? Injini na pampu zilikuwa tayari nje, nikayaziba matundu yake, nikachukua mpira wa maji nikaijaza boti kutoka ndani, nikazunguka nje kuangalia itavuja wapi, kama tunavyotafuta panapovuja gesi. Maji yakapanda, hakuna kitu, yakapanda, hakuna kitu, yalipofika chini ya kisanduku cha barafu, kile cha kupozea vinywaji vya wageni, yakaanza kutoka ubavuni kwenye tundu la ukubwa wa kidole gumba. Nikang'oa kisanduku. Nyuma yake kuna mpira mdogo wa kutolea maji ya barafu, umechomoka kwenye bomba lake, na waya uliokuwa umeufunga bado unaning'inia, umesokotwa mara mbili na ncha yake imekunjwa ndani ili isimkate mtu vidole. Ninamjua fundi mmoja tu anayefunga waya namna hiyo.

Kisanduku kile nilikifunga mimi, niliitwa na mwenye boti, Jumatano ya wiki ileile boti ilipozama, nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, na siku hiyo ndiyo niliyomwona mke wangu kwa mara ya kwanza, alimletea baba yake miwani aliyoisahau nyumbani. Klipu za kubania mpira ziliniishia, nikafunga kwa waya nikasema Jumatatu nitarudi na klipu. Lakini elewa kwamba tundu mwenye boti ndiye aliyetaka litobolewe chini ili wageni wasilione, na Jumamosi ndiye aliyepakia madumu ya dizeli ya jenereta nyuma, boti ikakaa chini kuliko kawaida, tundu likafikiwa na maji. Niliposikia imezama kwa sababu ya kizibo nilishusha pumzi, na Jumatatu sikurudi.

Sasa nifanye nini? Nikisema yote, mke wangu atanitazama vipi, na mashemeji je? Au niseme tu kwamba kizibo kilikuwepo na chanzo hakijulikani, niondoe waya ule na kuziba tundu? Na je, niendelee kuitengeneza au niiuze ilivyo?

Ni mimi,
Fundi wa Baridi

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya injini. Nakiri. Hata mimi nilipofika kwenye ile siku ya tisa nilishangilia peke yangu ofisini. Lakini kurasa nne umeandika habari za povu na plagi, na wewe mwenyewe ukajibana kwenye mistari michache ya mwisho, nyuma ya madumu ya dizeli. Toka huko nyuma nikuone.

Nianze na pole, kwa sababu unastahili kiasi fulani. Ulikuwa fundi mchanga, klipu ziliisha, ulikusudia kurudi. Mafundi wote wana "nitarudi Jumatatu" yao. Kosa la waya ningekusamehe kabla sijamaliza chai. Lakini Jumatatu ulishusha pumzi, na ile pumzi, mwanangu, imemkalia mzee kifuani miaka sita. Umeoa binti yake, umekula naye meza moja, umemwona akifunga mafundo kwenye kitambaa. Utasema hukujua. Mimi nakuuliza tu swali moja la kifundi: kwa nini, kati ya vyombo vyote vibovu duniani, ulikwenda kununua hicho? Nadhani kuna sehemu yako ilikuwa inajua tangu zamani, nayo imechoka kunyamaza. Usinijibu mimi. Jijibu.

Sasa nikwambie kuhusu lile neno la mzee, "Sikumbuki kukifunga." Mlilisikia wote mkadhani amekiri. Hebu wewe niambie, asubuhi ya leo ulifunga vifungo vya shati ukianzia juu au chini? Hukumbuki. Mtu hakumbuki kitu ambacho mikono yake imekifanya kila siku kwa miaka kumi na moja. Mzee alisema kweli tupu, watu wakaigeuza kuwa kosa, naye akawaamini wao kuliko mikono yake. Tangu hapo hajiamini hata kwa bomba la jikoni. Mnataka kumnyang'anya funguo kwa ugonjwa ambao huenda mlimpa ninyi.

Nasema huenda. Labda kweli umri umeanza kumgusa, mimi si daktari. Kama mna wasiwasi, mpelekeni akapimwe na anayejua kupima, kwa ridhaa yake. Lakini asipimwe kwa boti.

Hilo wazo lako la kuondoa waya na kuziba tundu lifute kabisa, na nisilisikie tena. Ukisema chanzo hakijulikani, shemeji mkubwa atauliza swali moja tu, "Kwani nani mwingine aliyeigusa?" na utakuwa umemrudisha mzee palepale, safari hii ukiwa umesimama kando unamtazama. Kila kitu kikae kama ulivyokikuta: mpira, waya, tundu.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mwambie mkeo. Mketishe, ondoa vipande vya pampu mezani kwanza, heshima hiyo anastahili, umwambie yote kwa mpangilio uliotokea. Atakasirika. Huenda akakunyamazia siku kadhaa, na hizo siku utazivumilia bila kumbembeleza ili nawe ujisikie nafuu. Yule ni baba yake. Kitakachomuuma si waya, ni miaka sita. Usimwombe akufichie.

Kisha mleteni mzee nyumbani kabla ya Jumamosi, mchana, kukiwa na mwanga mzuri. Kabla ya siku hiyo kipulizie kizibo mafuta ya kulegeza, kila asubuhi na jioni, kwa sababu kimekaa miaka sita na sitaki kimwaibishe mzee tena kwa kugoma. Kupuliza tu. Spana usiiweke.

Jumamosi wewe ndiye utakayesema mbele ya mashemeji, si mkeo wala mzee. Sema ukiwa umesimama. Usitaje kwamba tundu lilitakiwa liwe chini, usitaje madumu. Ni kweli, lakini ni mzigo wa mwenye boti, na huyo utamfuata wiki inayofuata umweleze hayohayo, ili naye aliyemwaibisha mtu mbele ya wafanyakazi ajue alimwaibisha bure. Neno "lakini" nimeliona kwenye barua yako, pale ulipofika kwenye tundu na madumu. Jumamosi liache nyumbani.

Kuhusu mtoto, msimkimbilie mzee kumtupia mjukuu mapajani siku hiyohiyo kama tuzo. Acha amwombe mwenyewe. Ataomba.

Na umeniuliza kama uendelee na boti. Sasa uiuzie wapi, imejaa siri zenu? Endelea. Povu jipya, nyaya mpya, klipu mbili kila mpira, nasema mbili. Ila kuanzia sasa hufanyi kazi hiyo peke yako. Yupo mtu aliyeisikiliza injini ile kwa miaka kumi na moja, naye anakaa nyumbani akitazama mafundo. Mwulize yeye rangi gani.

Nimalizie na siku ile ya kumleta. Usimhutubie. Mpeleke nyuma ya boti, mwonyeshe kwa kidole, umpe spana, kisha urudi nyuma hatua moja. Kitakuwa kigumu mwanzoni, usimsaidie. Atazungusha, na najua atahesabu, maana mikono yake haikusahau kitu. Moja. Mbili. Tatu. Akifika nusu kitamtokea kiganjani, na tepu yake juu yake. Usimpe pole, usimpe hongera. Mwache akishike mpaka atakapoinua macho akutazame na kuuliza, basi ilizamaje.

Hapo ndipo utamjibu.