Samaki Wangu na Vidonge Vyako

Mwanaesha mke wangu,

Amani ya Mola ikufikie huko ulikotangulia. Naandika mwenyewe, kwa mkono huu unaojua mshipi kuliko kalamu. Sikutaka mtu aniandikie, maana haya si ya kusikiwa na mtu.

Tangu tukuzike, hapa kambini Mombasa bado wanamsifu papa wangu wa chumvi. Hata watu wa Kismayu wakiri hakuna mtu wa kumkausha kama mimi. Hilo ulilijua tangu Chovai, kisiwani kwetu, kabla vita havijatutoa.

Sifa hizo ndizo zilizoniponza. Daktari alisema mishipa yako ya damu imevimba kwa ndani na presha imepanda, akakupa vidonge. Mimi nikacheka. Nikasema Mbajuni hutibiwa na samaki, si kwa chokaa ya dukani. Nikavifutika kwenye kikoi changu. Ukaniambia, "Bwana, nipe vidonge vyangu, kichwa chaniuma." Nikakupikia mchuzi wa papa. Ukaula wote, kwa kunistahi tu.

Waliponiuliza msibani, nikasema ulikuwa ukivimeza.

Juzi mwanetu Fatma alikuja kutoka chuo cha uuguzi, uso umemkunjuka. "Baba, hukukosea kote. Samaki akisagika tumboni, protini yake hukatika vipande vidogo mno, vyaitwa peptidi. Wataalamu wanadhani baadhi yavyo huenda vikapoza uvimbe wa mishipa. Lakini ni huenda tu, havishiki nafasi ya dawa. Na ile chumvi yako, baba, hupandisha presha." Kisha akanishika bega. "Alhamdulillahi mama alikuwa akimeza vidonge vyake. Hatukumnyima kitu."

Siku nyingine ningezunguka kambi nzima, niwaambie wasomi sasa ndio wananifuata nyuma. Siku ile nilitazama chai hata ikapoa. Fatma akadhani nakulilia. Nilikuwa nakulilia, ndiyo, lakini si kama alivyodhani.

Mwanaesha, samaki huenda alikuwa na lake jema. Mimi ndiye niliyekunyima dawa. Nimezoea kushinda kila mabishano, na hili nalo nilikushinda.

Lala, mke wangu, Mola akupanulie nafasi. Ijumaa Fatma anakuja. Nakuahidi nitamwambia kwamba mama yake hakuvimeza vidonge, na kwa nini. Aseme atakalosema. Sitajitetea.

Mumeo,
Omari