Habari za Barua Pepe na Majirani wa Barazani

Mjukuu wangu Rahma,

Marahaba, mwanangu. Huku Malindi sote wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kwa nini habari za ule ukurasa ulioniwekea ndani ya barua pepe nnawasomea majirani kwa sauti, na wao wana simu zao.

Nilipokuwa msichana kule Chwaka, redio ilitaja jina langu miongoni mwa waliochaguliwa kusomea ualimu. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikaduwaa tu, furaha haikuja. Nikatoka mbio hadi pwani, walikokuwa mama na wenzake wakifukua topeni makumbi ya nazi ya kusokotea kamba.

"Mama, nimetajwa redioni!"

"Sema tena, wenzangu wasikie!"

Nikasema tena. Wakapiga vigelegele, wakanikumbatia na tope lao. Hapo ndipo nilipolia kwa furaha.

Basi jana nimefungua barua pepe, na kwenye ukurasa wa habari nikaona chuo chenu kimetangaza washindi wa mitihani. Jina lako ndilo la kwanza! Nikatoka na simu barazani, nikawasomea. Bi Zuhura, asiyejua hata chuo chenyewe kiko wapi, ndiye aliyeinuka mwanzo kucheza.

Bibi yako,
Mwanaidi