Kitufe Alichokikosa Baba

Plankgatan, ghorofa ya pili,
Norrköping,
11 Machi 2024

Mpendwa binamu Joakim,

“Ukurasa wa mtandao hauna upendeleo. Unamwonyesha kila mtu kitu kile kile, na asiyekiona, tatizo ni lake.” Ndivyo ulivyomwandikia kaka yangu Staffan mwezi Januari, naye akausoma ujumbe wako mezani kwa sauti, mbele ya Baba, kama hakimu anayesoma hukumu. Maneno hayo ni uongo kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na sasa ushahidi ninao.

Lakini mama yako alinifunza kwamba hata mtu unayekwenda kugombana naye unamsalimu kwanza. Basi, hujambo? Aroha mkeo hajambo? Na goti la Shangazi Maj linaendeleaje tangu alipohamia kwenu huko Wellington? Sisi huku theluji imegeuka tope, nami nimetoka kwenye kikohozi kilichoninyang'anya sauti wiki nzima. Staffan alisema hiyo ilikuwa wiki tamu kuliko zote. Kwa jumla tu wazima.

Baba naye ni mzima. Hiyo ndiyo habari yenyewe, Joakim, na kwa ajili yake nimeshika kalamu. Mjomba wako Holger ana akili zake zote. Nikuandikie tena, maana wakati wote wa baridi hapakuwa na mtu humu aliyethubutu kuapa hivyo: ana akili zake zote.

Unaukumbuka ubao wa zamu za kufulia, ule wa kwenye ngazi za kushukia chini? Kila nyumba ilikuwa na kufuli yake ndogo. Ukichomeka kufuli yako kwenye siku na saa uitakayo, hakuna mfalme wala askofu wa kukuondoa. Msimu uliopita kamati ya ushirika wa nyumba iliung'oa ubao huo, ikatuwekea ukurasa wa mtandao. Nawe unatujua watu wa jengo hili: mtu anaweza kumchukua mke wa jirani na baadaye wakanywa kahawa pamoja, lakini anayechukua zamu ya jirani ya kufulia hazikwi na watu.

Baba akaanza kuchukua zamu za watu. Alishuka na kapu lake asubuhi ya Alhamisi, akamkuta Bi Gunnel Rosenqvist, mwenyekiti wa kamati, anapakia mashuka.

“Mzee Holger, hii zamu yangu.”

“Nilichagua Alhamisi, Gunnel. Niliiona ikiwaka.”

“Iliwaka kichwani mwako.”

Ikatokea tena, na tena, na wakazi wengine nao wakakutana naye pale chini na kapu lake. Mwishowe karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia, kwa mwandiko ambao jengo zima linaujua: WENGINE WETU BADO TUNAJUA LEO NI SIKU GANI.

Baba alisema jambo moja tu, na hakulibadilisha hata siku moja. Alisema: nikichagua saa, kisanduku chake kinageuka manjano, lakini kitufe cha kuthibitisha hakipo. Staffan akawa anatoka Linköping kwa gari kuja kumwonyesha. Anakaa kwenye kompyuta ya Baba, anabonyeza hapa na pale, kisha anasema, “Kitufe hiki hapa Baba, kama pua usoni!” Na kweli kinakuwapo. Staffan akiondoka, Baba akikaa peke yake, hakipo.

Unafahamu jinsi jambo kama hilo linavyomla mtu. Baba aliacha kushuka chini. Nilimkuta anafua mashati yake kwenye beseni la kuogea, amejifungia mlango. Alianza kuniuliza mambo anayoyajua, jina la mtaa wa kanisa, siku ya kuzaliwa ya marehemu Mama, kwa ajili tu ya kulinganisha jibu langu na lake. Staffan akaomba mtu wa manispaa aje kumpima akili, akaulizia chumba katika nyumba ya wazee huko Linköping, akazungumza habari ya kuuza nyumba hii. Nami nilipobisha, akaniwekea mezani maneno yako. Binamu anayetengeneza kurasa kwa mkate wake amesema. Wewe Pernilla unatengeneza nini? Kelele gazetini.

Kilichoniumiza zaidi ni Baba mwenyewe. Alimsikiliza Staffan mpaka mwisho, kisha akasema polepole, “Kama kitufe kipo na mimi sikioni, basi nipelekeni.”

Tukakubaliana tukutane Jumapili kuamua. Nilioka mikate ya iliki, maana hatujawahi kuamua lolote katika ukoo huu bila mikate ya iliki. Staffan alifika mapema, akataka kumwonyesha Baba mara ya mwisho ili asiseme ameonewa. Akaketi kwenye kompyuta, mimi nimesimama nyuma yake na birika. Na kabla hajagusa kitu kingine chochote, akapunguza herufi.

“Baba, herufi zote hizi za nini? Kama tangazo la sarakasi. Zinaniumiza macho.” Tiki, tiki, tiki, zikapungua mpaka zikawa za kawaida. “Haya, tazama. Kitufe hiki.”

Baba akainama hadi pua ikakaribia kioo. “Sasa kipo,” akasema. “Ukienda nacho kinakwenda.”

“Kinakwenda wapi, Baba? Kunywa bia?”

“Staffan,” nikasema, “toa mkono kwenye hiyo mashine.”

“Tumeanza.”

“Kila ukija unapunguza herufi?”

“Sasa nisomeje? Ukurasa mzima hauingii! Nikimaliza namrudishia zake.”

“Mrudishie sasa hivi.”

“Ili iweje?”

“Mrudishie, nimesema!”

Akazikuza, tiki, tiki, tiki. Na hapo, Joakim, mbele ya macho mazima ya mhandisi wa miaka arobaini na tisa, kitufe kikatoweka.

Hakukubali, bila shaka. Akasema kimesukumwa chini tu. Tukateremsha ukurasa mpaka mwisho wake, hakuna. Akasema basi kompyuta ya mzee ni mbovu. Nikamwambia asimame, kiti hicho sasa ni changu, na swali hili tutamuuliza mwenyewe anayelijua jibu, yaani ukurasa.

Unakumbuka nilivyogombana na gazeti langu kwa sababu ya kurasa zake kuwachungulia wasomaji. Wakati huo nilijifunza kufungua kile chumba cha nyuma cha kivinjari na kuandika maswali machache kwa JavaScript. Watu hudhani lugha hiyo ni ya kuuamuru ukurasa tu: fungua, funga, rukaruka. Ni lugha ya kuuhoji vilevile, na kuhoji ndiko kunakonipatia mkate. Baba akavuta kiti karibu. Staffan akabaki amesimama, mikono kifuani.

Nikauuliza kwanza: dirisha lako lina upana gani? Ukajibu tarakimu ndogo kabisa, upana wa simu ya mkononi. Staffan akacheka. “Simu? Kioo hiki ni kipana kama sinia!” Ni kipana kweli, lakini ukurasa haukipimi kwa rula ya fundi. Hukipima kwa kipimo chake wenyewe, na ukikuza herufi, kipimo nacho kinakua. Nilimweleza Baba hivi: ukipima meza hii kwa shubiri yako utapata shubiri kadhaa, ukiazima mkono wa jitu, meza ni ile ile, lakini shubiri zimekuwa chache. Baba akaitazama meza, akatandaza kiganja chake juu yake, akatikisa kichwa kukubali.

Nikauliza la pili: kitufe cha kuthibitisha unacho? Ukajibu: ninacho. Upana wake? Sifuri. Urefu wake? Sifuri. Kimeruhusiwa kuonekana? Hakijaruhusiwa.

“Kumbe kipo, ila kimefichwa,” Baba akasema.

“Ndiyo, Baba.”

“Kama kamati siku lifti ikiharibika.”

Huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu Krismasi. Nilitaka kusimama nimkumbatie, lakini kazi ilikuwa bado. Nikatafuta amri iliyokificha, nikaipata, nikaisoma kwa sauti kwa Kiswidi cha kawaida: ukikuta dirisha jembamba, jua kwamba mtu huyu ameshika simu, mwenye simu hahitaji kitufe, anathibitisha kwa kuburuza kidole juu ya saa aliyoichagua, basi kifiche kitufe, nafasi ni ndogo. Hivyo tu. Baba ana kipanya mezani, hana kioo cha kuburuza kidole. Alichagua saa, kisanduku kikageuka manjano, maana yake kinasubiri, na kikasubiri mpaka kikachoka, kamwe hakikugeuka kijani. Alikuwa amesema kweli neno kwa neno tangu siku ya kwanza.

Staffan aliketi kwenye kochi la Mama, akaanza kuubomoabomoa mkate wake juu ya kisahani.

“Nilikuwa nazipunguza kila mara,” akasema. “Kila mara, Baba. Kabla sijakuonyesha.”

“Nilikuona.”

“Sasa mbona hukusema?”

“Ningesema nini? Wewe ndiye ulikuwa unaona.” Kisha Baba akanigeukia mimi. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza bei akiwa tayari kuondoka dukani. “Kwa hiyo sijaanza kupotewa?”

“Hujaanza, Baba.”

“Hata kidogo?”

“Miwani yako ipo kwenye friji,” Staffan akasema, “lakini hata Mama alikuwa akiiokota humo.”

Baba akacheka mpaka akakohoa. Nasi tukacheka, mimi huku nalia, na Staffan akaenda jikoni kuitoa miwani na akakaa huko muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Kisha Baba mwenyewe akapiga simu ghorofa ya chini. Bi Gunnel akapanda na viatu vyake vya ndani, uso umeshajiandaa kwa malalamiko. Nikamketisha, nikapunguza herufi: kitufe. Nikazikuza: hakuna. Nikarudia. Akaomba afanye mwenyewe, akafanya, akaweka kiganja mdomoni.

“Mimi hutumia simu,” akasema. “Sijawahi kuuona hivi.”

“Gunnel,” Baba akasema, “leo ni siku gani?”

“Jumapili.”

“Vizuri. Wengine wetu bado tunajua.”

Uso ukamwiva kwa haya, Joakim, mwekundu kama kiazi sukari, kisha akaanza kucheka na yeye, akala mikate miwili. Aliposhuka, karatasi ile ya mlangoni aliibandua kwa mkono wake. Mtengenezaji wa ukurasa nilimwandikia barua ambayo sitairudia hapa, maana Shangazi atakuwa akichungulia juu ya bega lako. Katikati ya wiki kitufe kilirudi, kwa kila upana. Staffan amemfutia mtu wa manispaa miadi yake, na habari ya kuuza nyumba haizungumzwi tena. Jana Baba alichagua Jumamosi asubuhi, kisanduku kikawa manjano, akabonyeza, kikawa kijani. Aliniita kutoka jikoni nije nikione. Nikaja. Tulikitazama wote wawili kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Sasa nirudi kwako, na usiniletee hadithi kwamba hilo ni kosa la fundi mmoja wa Norrköping. Nimechungulia chumba cha nyuma cha kurasa nyingi tangu Jumapili ile, na desturi hiyo nimeikuta kila mahali. Mnapima dirisha la mtu, kisha mnakisia mtu mwenyewe. Kupima hakuna ubaya. Lugha yenu inaweza kuuliza kitufe kilipo, ukubwa wake, kama kimefunikwa, kama mtu ana kidole au kipanya. Ni lugha nzuri na inajibu kwa adabu. Ubaya ni kuuliza swali moja na kujipa majibu matano. Na ubaya mkubwa kuliko huo ni kukaa mbele ya kioo chako kikubwa, na macho yako ya kijana, ukaona kitufe, kisha ukaandika kutoka upande wa pili wa dunia kwamba mzee asiyekiona ana tatizo. Ukurasa wako na ukurasa wa mjomba wako haukuwa ukurasa mmoja. Wewe katika ukoo huu ndiwe uliyepaswa kulijua hilo, na ndiwe uliyelikana.

Sikuandikii kwa chuki. Ningekuwa na chuki ningeandika gazetini. Nakuandikia kwa sababu tulipokuwa wadogo Baba ndiye aliyekufundisha kuogelea pale kwenye ghuba ya Bråviken, akikushika tumbo mpaka ulipoweza, na hakuwahi kukuambia kwamba tatizo ni lako.

Msalimie sana Shangazi Maj, umwambie kaka yake amenituma nimuulize kama bado anaweka chumvi kwenye uji kama wapagani. Msalimie Aroha na wazazi wake. Staffan anawasalimu, ameona haya kuandika, lakini ataandika. Mungu awalinde ninyi na nyumba yenu, awape macho yenye afya mpaka uzeeni, na yakichoka, awape watu wa kuwaamini.

Nina madai mawili, na sikubali kupewa nusu. La kwanza ni lako wewe na wenzako wote wa ofisini mwenu: msiachilie ukurasa mwingine utoke kabla hamjaukuza mpaka herufi ziwe za Baba, mkakaa mbele yake bila kuzipunguza, na mkaimaliza kazi mliyomtaka yeye aimalize. La pili ni lako peke yako. Mwandikie mjomba wako. Yafute maneno yako yale, usiyaeleze. Na uandike kwa herufi kubwa.

Ndimi binamu yako, agombanaye na wale tu awapendao,

Pernilla