Bafu la Jua kwa Mtu wa Alfajiri

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko, na wifi hajambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua, au umekubali kuacha kubeba mizigo kama kijana? Watoto waambie shangazi yao anauliza kama wanasoma au wanafuga nywele tu.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako ana mafua, na ukimsikiliza anavyolalamika utadhani anaaga dunia. Mimi ni mzima, na domo langu nalo zima. Mama hajambo, na habari zake ndizo zilizonikalisha hapa, kwa hiyo tulia usome mpaka mwisho, usirukeruke kama kawaida yako.

Barua yako niliipata, nikamsomea Mama yote, hata pale ulipoandika kwamba kama bado hawezi kuoga mwenyewe, basi mwisho wa mwaka utakuja kumchukua akaishi kwenu. Baadaye, nikiwa namchana nywele, akaniuliza, "Huko kwa kaka yako nitamjua nani?" Kaka, Mama hataki kuondoka hapa. Nakwambia waziwazi, usije ukasema hukuambiwa.

Lakini nawe hukukosea. Tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, kuoga kumekuwa vita. Bafu la ndani unalijua: kizingiti kirefu, sakafu ya kuteleza, maji ya baridi ya kutoa roho. Ya moto lazima yachemshwe jikoni yabebwe kwa ndoo, na ndoo hawezi kuinua. Kwa hiyo nimekuwa nikimwogesha mimi. Ananiachia mwili, lakini macho anayafumba mpaka nimalize. Mama huyu huyu aliyekuwa akitusugua magoti mpaka tunalia! Inaniuma sana.

Ndipo nikamwambia shemeji yako tujenge bafu uani, lipate maji ya moto ya jua, Mama aingie na kutoka bila kumwomba mtu kitu. Unamjua shemeji yako, ukimpa wazo halali. Akabomoa lile banda la kuku la zamani. Fundi mwashi akamwaga sakafu ya zege, akaiacha na mikwaruzo ili miguu isiteleze, na kizingiti hakuna. Ndani tumejenga benchi la kukalia na kufunga bomba la chuma la kushikilia. Kuta ni mabati. Juu, kwenye kichanja cha chuma, limepandishwa pipa lililopakwa rangi nyeusi, likawekwa ndani ya sanduku la mbao lenye kioo upande wa jua. Maji yanapanda kwa mpira, yanakaa humo yakichomwa na jua kutwa, kisha yanashuka kwenye shawa. Hakuna umeme, hakuna kuni.

Siku ya kwanza shemeji yako alijitia kulijaribu jua likiwa utosini. Tukasikia yowe, mara huyo katoka na taulo, povu masikioni, anarukaruka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ikabidi fundi bomba aje kuongeza koki ya maji baridi, yachanganyike.

Basi tukajiona tumemaliza. Nikamwita, "Mama, bafu tayari, njoo uoge." Ilikuwa alasiri. Akanitazama kama nimemwambia akalale barabarani. "Mchana wanaoga wagonjwa na watoto," akasema, akarudi zake ndani.

Kaka, hebu niambie, tulikuwa tunafikiri nini? Maisha yake yote Mama anaoga alfajiri, kabla jua halijatoka. Mimi na wewe tumeamshwa na mlio wa kopo lake utoto mzima. Halafu tunakwenda kumjengea bafu la jua, tunapigilia misumari mbele ya macho yake, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka! Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mlikuwa mmefurahi sana."

Alfajiri maji yalikuwa yamepoa kabisa. Shemeji yako akasema moto tunao, ila usiku unatutoroka. Tukalivika pipa godoro. Ndiyo, lile godoro lako ulilosema tukutunzie mpaka utakaporudi. Pole, ndugu yangu. Limekatwa vipande, vikashindiliwa ndani ya sanduku, nyuma na pembeni mwa pipa, na jua likizama kioo tunakifunika kwa blanketi zito. Sasa alfajiri maji ni ya uvuguvugu, na Mama alipoyagusa kwa mkono alitikisa kichwa kukubali.

Nikadhani yameisha. Thubutu! Alifika penyewe, akashika pazia nililotundika, akauliza, "Mlango uko wapi?" Nikamweleza kwamba pazia nimeliweka makusudi, nisikie na niingie haraka akianguka. Akasema, "Tangu nianguke hamjaniachia mlango, hata wa chooni. Nikianguka tena, nitaanguka nimefunga." Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake. Shemeji yako akatuacha tukibishana, akaenda kutafuta msumeno.

Mlango upo sasa, na komeo lake liko kwa ndani. Ila bawaba amezipachika kwa namna kwamba mtu wa nje akiuinua mlango, unatoka mzima. Hilo Mama halijui, na ukimwambia utanitambua.

Jana alfajiri akaingia. Nikasikia komeo linafungwa. Nilisimama nje na nguo zangu za kulalia, nikasikia mkongojo unaegemezwa kwenye bati, kisha maji. Yalimwagika muda mrefu. Halafu yakakatika, kukawa kimya, hata kikohozi sikisikii. Mikono ilikuwa imeshashika mlango kwa chini, nimeanza kuuinua, ndipo akaita, "Nani hapo?"

"Mimi, Mama."

"Una shida gani?"

"Sina shida."

"Basi nenda kalale."

Nikaenda. Kulala sikulala, nilikaa kitandani nikalia, na shemeji yako akaamka akidhani kuna msiba. Mama akatoka mwenyewe, amevaa, amejipaka mafuta yake, akauliza kama chai ipo.

Kwa hiyo Kaka, hicho chumba mlichomwandalia mpeni mtoto mkubwa, ameshakua. Usije kumchukua Mama. Njoo kumwona, ukae naye hata siku chache. Najua unampenda, na najua hofu ya mtu aliye mbali ni kubwa kuliko yetu sisi tunaomwona kila siku. Lakini hapa ndipo anapotaka kuwa.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa vizuri. Watoto wabusu wote. Shemeji yako anakusalimu kwa pua iliyoziba. Mungu awalinde, awape afya na riziki, atukutanishe tukiwa wazima.

Nimemuuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake, nikidhani atanipa maonyo ya kujaza ukurasa kama siku zote. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie nimeoga."

Ni mimi dadako, anayekupenda na kukugombeza,
Kitindamimba