Kengele ya Ng'ombe Aliyechechemea

Kaka Ndahani,

Shikamoo. Natumaini mvua imewakumbuka huko Bahi, na goti la mama limetulia. Mimi mwili ni mzima. Kinachoniuma ni ulimi wangu mwenyewe.

Uliniuliza huku kwenye baridi nafanya kazi gani hasa. Napima umbali wa nyota. Zipo nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, bila kukosea siku. Inayokwenda polepole ndiyo yenye mwanga mwingi. Ukiiona hafifu, ujue iko mbali sana. Wewe hukuhitaji chuo kulijua hilo. Fahali wa baba alitembea taratibu, kengele yake kubwa ikigonga kwa nafasi. Ikisikika kidogo tu, tulijua ng'ombe wamevuka korongo.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilimrarua mkuu wetu kwa maneno mkutanoni. Umbali niliopata mimi wa kundi moja la nyota ulikuwa mara mbili ya wake. Nikamwambia analinda jina lake, halindi ukweli. Nikasema tumechoka kuletewa majibu kutoka juu, kama nyumbani tunavyoambiwa soko huria litatuponya wakati josho la ng'ombe limekauka na zahanati haina dawa. Vijana wakapiga makofi. Mzee akakunja karatasi zake, akatoka.

Jumatatu hii nimegundua kwamba nyota zangu ni za aina nyingine. Zinakwenda polepole kama zile kubwa, lakini kwa asili mwanga wake ni mdogo. Haziko mbali hivyo. Mzee alikuwa sahihi.

Nilimwonyesha Ramesh, mwenzangu wa ofisini. Alicheka hadi akavua miwani.

"Bwana Mapinduzi! Nyamaza tu. Nani atakagua?"

"Mimi nimeshakagua."

"Haya, kajishitaki. Lakini unajua mkataba wako mpya unasainiwa na nani."

Na huyo mzee. Mkutano ni kesho saa nne asubuhi.

Kaka, kosa hili nilishalifanya. Unamkumbuka yule ng'ombe mzee aliyechechemea, mwenye kengele ndogo? Siku ile nimejilaza kivulini, nikasikia mlio wa taratibu, hafifu. Nikasema ni fahali, yuko mbali, mashamba yako salama. Kumbe ni yeye, yuko nyuma ya kichaka tu, na kundi zima limo ndani ya shamba la uwele la jirani. Baba alipouliza ilikuwa zamu ya nani, nilinyamaza. Wewe ukanitazama, ukavua shati uchapwe wewe.

Miaka yote hii nimewaandama wakubwa wanaoficha makosa yao, magazetini na mikutanoni, na sikuwahi kukutajia siku ile.

Kesho nitasimama palepale, kwa sauti ileile. Huenda nikarudi mapema kuliko tulivyopanga, niwekee jembe. Barua hii naiposti kabla sijaingia mkutanoni, nisije nikapata tena akili za kunyamaza.

Msalimie shemeji, na mjomba mwalimu pale Nkuhungu. Najua mama bado anasimulia jinsi ulivyolala ukalisha ng'ombe uwele wa watu. Msomee hapa kwa sauti, wanao wakiwepo: zamu ilikuwa yangu.

Mdogo wako,
Elia